Nilipokwenda Kumngoja Abba Guyo

Bi Zuhura ndiye aliyeanza maneno. Alinikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka langu, mikono mapajani, cherehani imefunikwa, na wateja wawili wananisubiri ndani. Akapita na kapu lake, akarudi, akaniinamia usoni. "Mariamu, u mgonjwa?" Nikamwambia si mgonjwa, nasali. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo kila mmoja wenu hapa mtaani ameniuliza kwa namna yake. Huko Tana ulikutana na nini? Ulipakwa mafuta? Ulitokewa?

Sikutokewa na mtu. Nayaandika haya niyaseme mara moja, niwape wote, kisha mniache nishone. Wala msitarajie furaha. Nimewasikia watu wengi wakisimulia walivyompata Mungu, na wote husema kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani. Mimi nilianza kusali baada ya kuharibu, na nililoliharibu halijatengenezeka mpaka leo.

Mnanijua. Nashona mapazia Kisauni mwaka wa ishirini na tatu huu, na sifa yangu ni moja: ukiniambia Alhamisi unapata Jumatano. Kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi na harusi, na hata huko nilikaa karibu na mlango. Mkinisikia nasema "Mungu akipenda," nilikuwa namaanisha kwamba kitambaa bado kiko bandarini.

Kwetu ni Golbanti, ukingoni mwa Mto Tana. Sisi ni Wapokomo, wakulima, na Wakristo tangu enzi za babu. Shamba la baba limeteremka mpaka majini, na katikati yake pana ukanda ambao hakuuchimba hata siku moja. Upana wake hatua kumi na mbili. Nilizipima nikiwa mtoto. Huo ni malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni. Bila malka mfugaji atauona mto asiufikie, maana kila ukingo una mahindi ya mtu.

Aliyeitumia njia yetu aliitwa Abba Guyo. Adhuhuri aliwashusha ng'ombe, na walipokuwa wakinywa yeye alitawadha akaswali kwenye nyasi za ukingoni. Baba yangu, mzee wa kanisa, aliacha jembe, akavua kofia, akakaa chini. Hakuswali naye. Alikaa kimya mpaka mwenzake amalize, ndipo walipoanza habari zao za mvua na kupe. Jumapili ikawa zamu ya Abba Guyo. Aliwazuia ng'ombe huko juu, na kiu yao, mpaka baba atoke kanisani. Watu walimtania baba kwamba amebakisha kidogo asilimu. Mimi niliona haya. Nilimwambia siku moja kwamba anapoteza muda. Akasema, "Niache niupoteze."

Baba alifariki mwaka juzi. Wiki moja kabla, aliniambia kwenye simu kama mtu anayeagiza chumvi: "Kaburi langu lisifunikwe Abba Guyo hajatia udongo wake." Nikasema sawa, baba.

Siku ya mazishi tulimngoja mheshimiwa mmoja saa nzima na nusu juani. Akaja, akatuhutubia kuhusu barabara, akaondoka. Jeneza likashushwa. Ndugu yangu Hiribae akanigusa bega: "Abba Guyo yuko mtoni anaswali alasiri. Tumngoje." Nikatazama saa. Nilikuwa na mapazia ya hoteli ya kupeleka Ijumaa. Nikasema, "Funikeni tu, yeye atatia juu." Wakafunika. Alipopanda kutoka mtoni, magoti ya kikoi chake yakiwa na mchanga, vijana walikuwa tayari wanakipigapiga kilima kwa sepetu. Mkononi alishika udongo. Sikungoja kuona ataufanyia nini, nilikuwa napanda gari.

Miezi miwili baadaye nikampigia Hiribae: ule ukanda umekaa bure, uupande migomba. Akakataa. Nikatafuta kibarua mwenyewe, kwa simu, akauziba juu kwa miiba na kupanda safu nne. Abba Guyo alipokuja na ng'ombe akaikuta miiba. Hiribae akamsihi aivunje apite. Alijibu, "Binti amefunga. Binti atafungua." Akageuza ng'ombe wake.

Nayo haya sikuyajali, nawaambia ukweli. Nilijali baada ya mwaka, siku Hiribae aliponitumia ujumbe kwamba Abba Guyo alikuwa akishusha ng'ombe mahali pengine, penye ukingo mkali, ukamomonyoka naye. Paja limevunjika. Ng'ombe wameuzwa. Siku hiyo nilishona pazia zima juu chini. Nikalifumua, nikalishona tena, likatoka vilevile. Asubuhi yake nikafunga duka kwenda kumwomba radhi.

Mombasa hadi Gongoni

Basi lilikwenda vizuri mpaka Malindi, na nikaanza kupiga hesabu kwamba saa nane nitakuwa Garsen, saa tisa nitakuwa nimeshampata, kesho nitakuwa nimerudi kwenye cherehani. Ndivyo nilivyoipanga radhi yangu. Niliipanga kama nipangavyo kupeleka mzigo kwa mteja.

Gongoni dereva akazima injini. Abiria wakateremka wengi kwa pamoja na dereva akiwa mbele yao. Mimi nikajua moja kwa moja kwamba ni miraa. Nikasimama mlangoni nikatangaza kwa sauti kwamba watu wazima hawana aibu, wanachelewesha basi zima kwa ajili ya majani. Nyuma yangu mama mmoja mzee wa buibui, ambaye magoti yake hayakumruhusu kushuka, alikuwa ameshaanza kuswali palepale kitini. Alipomaliza akanionyesha kwa kidole. Mbele ya basi palikuwa na msikiti.

Nikakaa. Yule mama akafungua karatasi, akanipa kiazi karai kikiwa bado na moto, na ukwaju wake. "Haraka ya kwenda wapi, mwanangu?"

"Nakwenda kumwomba mtu radhi."

"Na huyo mtu yuwakimbia?"

Nikamwambia hapana, amevunjika paja. Akanipa kiazi cha pili. Dereva aliporudi, viatu vyake mkononi, alinisalimia vizuri tu. Nafikiri alinisikia.

Garsen

Niliingia Garsen jua limeshalala upande, nikachukua chumba. Asubuhi nikanywa chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye harufu ya moshi ambayo ukikaa Mombasa unaisahau, pamoja na mikate mitatu ya anjera. Kisha nikaenda soko la mifugo kuuliza. Hiribae alikuwa ameniambia nianzie kwake Golbanti, yeye anajua mgonjwa alipopelekwa. Lakini mimi niliona hiyo ni kupoteza siku. Mwenye ng'ombe hujulikana Garsen, nikajiambia.

Na kweli, mtu wa kwanza niliyemuuliza alimjua. "Abba Guyo? Anakuja sasa hivi. Kaa." Nikakaa kwenye duka la dawa za mifugo, juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, saa tatu. Kila nilipoinuka niliambiwa yuko njiani. Nilijiuliza mtu wa paja bovu anafikaje sokoni, nikajijibu kwamba huenda amepona. Nilitaka awe amepona.

Akaja mzee mnene mwenye fimbo, ndevu nyekundu kwa hina. Miaka mingi sikuwa nimemtazama Abba Guyo usoni sawasawa. Siku ya mazishi nilimwona kupitia kioo cha gari. Huyu alikuwa na ndevu na fimbo, nikaridhika. Nikainuka, nikainamisha kichwa, nikayasema yote niliyoyapanga tangu Mombasa, mbele ya watu na mbuzi. Nimekukosea. Nilikuwa na kiburi. Naomba unisamehe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani. "Mimi nimesamehe, mama. Mbele ya Mungu nimesamehe kabisa. Sasa niambie, kosa gani?"

Duka zima likaangua kicheko. Mwenye duka ndiye aliyenieleza, huku akipangusa machozi, kwamba kwa Waorma mwanaume huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kila mwenye kifungua mimba aitwaye Guyo ni Abba Guyo, na Garsen wako tele.

"Yako ya Golbanti, jina lake yeye mwenyewe nani?" yule mzee akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Sikuwa nalo.

"Ng'ombe yake imekunywa kwenu mwaka ngapi?"

"Tangu sijazaliwa."

Hapo aliacha kucheka. Akauliza hilo kosa tena, nikamweleza habari ya malka na miiba. Alikaa kwenye gunia langu, akachora chini kwa fimbo mistari miwili, njia na mto. "Wewe umesikia ng'ombe ikiona maji, na haifiki?"

"Sijasikia."

"Inalia. Siyo kama ya njaa. Mwenye ng'ombe anasikia hiyo anashindwa kula." Kisha akanyanyuka na kunishika mkono. "Ile samahani yangu nimekupa, kaa nayo. Lakini haitoshi kwa huyo mwingine."

Niliondoka sokoni nikitaka kucheka nisiweze. Nilikuwa nimesamehewa na mtu nisiyemkosea, na jina la niliyemkosea silijui.

Idsowe

Mafuriko yalikuwa yanarudi nyuma, lakini kabla ya Idsowe maji yalikuwa bado juu ya lami. Dereva wa bodaboda akaniteremsha. "Mathe, hapa pikipiki inakuwa samaki. Ngoja boti." Boti lenyewe lilikuwa ng'ambo, na mwenye boti alikuwa anakula.

Upande niliokuwa palikuwa na mama mmoja anayechoma kambare juu ya wavu, na nyuma yake watu sita au saba wamekaa tu, majembe yamelala, wakitazama mashamba yao yanayotoka majini. Nilikula kambare na ugali wa baridi, nikawauliza kwa nini hawapandi na maji yameshatoka.

"Udongo bado unakunywa, dada," mama wa samaki akasema. "Ukiukanyaga sasa unakuwa tofali. Hakuna mbegu itatoka hapo."

"Mtajuaje umemaliza?"

"Tunakaa nao."

Nikaona ukingoni njia fupi ya kuyazunguka yale maji na kuitokea barabara mbele, hatua mia mbili hivi kwa macho yangu. Nikavua viatu nikaingia. Hatua ya tano nilizama mpaka gotini, ya sita mpaka pajani. Nilichomolewa na wawili kati ya wale wakulima kwa mipini ya majembe, kiatu kimoja kikabaki huko. Hakuna aliyenicheka kwa sauti. Lakini mmoja alikwenda kuyatazama mashimo niliyoyaacha katika shamba la mtu, akatikisa kichwa, na huo mtikiso uliniuma kuliko kicheko cha Garsen. Nikarudi kukaa karibu na moto, mguu mmoja mtupu. Boti lilikuja baada ya saa moja. Nisingelikwenda kuzama nisingelipoteza chochote ila hiyo saa.

Golbanti

Hiribae alinipokea na ndara za mkewe. Hakuniuliza kiatu kimekwenda wapi. Ndugu yangu ana miaka miwili zaidi yangu na hajawahi kumaliza jambo lolote upesi, na maisha yangu yote nimemwona mvivu.

Asubuhi tukashuka shambani. Migomba yangu ilikuwa imestawi, hilo nitalisema. Safu ya chini ililazwa na mafuriko, lakini tatu za juu zilisimama, shina nene, mikungu imeinama. Hakuna mahali Golbanti pana migomba kama ile. Nikachukua panga kwa Hiribae. Akataka kunisaidia, nikamkatalia, na kwa mara ya kwanza sikumkatalia kwa sababu ya uzito wake wa kazi. Nilikata tangu umande mpaka jua la utosi. Utomvu wa migomba hautoki nguoni, mnajua, na gauni langu la safari ndilo sasa natolea vumbi dukani. Kisha nikaondoa miiba kwa mikono. Njia ikaonekana tena, hatua kumi na mbili mpaka majini, na visiki vyangu katikati.

Tukakaa pale baba alipokuwa akikaa. Nikamuuliza Hiribae jina la Abba Guyo.

"Wario," akasema. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Baba alimwita Wario wakiwa wawili."

Nikamuuliza na lile lililokuwa kooni tangu mwaka juzi. Ule udongo aliokuwa nao mkononi siku ile, aliupeleka wapi?

Hiribae alichelewa kujibu, na safari hii nilimwacha achelewe. "Alisimama mpaka watu wote walipokwenda kula. Nikamwambia atie juu, si neno. Akasema juu si ndani. Akashuka nao mpaka hapa, akaurudisha mtoni. Akanawa."

Nililia hapo, siwafichi. Nilimlilia baba kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kwenye mazishi yenyewe nilikuwa natazama saa. Nilitaka kusema sala nikaona sina maneno ila yale ya kukariri shuleni, nayo hayakufika popote. Hiribae alikaa kando yangu, kofia mkononi. Ndipo nilipotambua kwamba anafanya vilevile alivyofanya baba. Alikuwa ananingoja nimalize.

Aliniambia mgonjwa yuko Kipini, kwa bintiye Halima aliyeolewa huko. Nikachagua chane mbili katika mkungu uliokuwa umeanza kuiva.

Kipini

Nilifika kwa gari mpaka Witu, halafu bodaboda katika njia ya mchanga. Kipini watu wanasema Kiswahili chenyewe, kile kinachonifanya nione aibu ya cha kwangu. Nikaelekezwa nyumba ya makuti karibu na mahali mto unapoingia baharini, na Halima akanitokea mlangoni na unga mikononi. Nikajitambulisha kuwa ni binti wa Komora wa Golbanti. Uso wake ulifunga kidogo, kisha adabu ikaufungua.

"Karibu. Baba yuwaswali alasiri. Ngojea hapa mkekani."

Mnaona. Ilikuwa lazima iwe alasiri.

Alikuwa uani, mgongo kwangu, ameketi kwenye kiti kwa sababu ya lile paja, uso kibla. Alikuwa amekonda. Nikakaa mkekani, nikavua ndara, chane za ndizi nikaziweka kando. Nikaanza kama kawaida yangu kuyapanga maneno: nitaanza na hili, nitafuata na lile. Kisha nikayakumbuka yote niliyokuwa nimeyapanga na kuyasema Garsen kwa mtu asiye yeye, nikayaacha. Sikuwa na la kufanya. Sina hakika kama nimewahi kukaa hivyo tangu nizaliwe, pasipo kitu mkononi, pasipo hesabu kichwani, nikimngoja tu mtu amalize kuzungumza na Mola wake. Alikwenda polepole, kila kuinama kwake kulikuwa na maumivu.

Na hapo maneno yakaja yenyewe, machache. Nilisema moyoni, Mungu, ningojee na mimi. Basi. Bi Zuhura, hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza, mengine yote ya kabla yake nilikuwa nasoma tu. Sikuona mwanga. Nilijisikia kama mtu aliyeingia chumbani na kukuta kumbe kulikuwa na mwenyeji humo siku zote, amekaa, hajanifukuza. Na papo hapo nikajua baba alikuwa akifanya nini kila adhuhuri pale chini na kofia yake mkononi, nami nilimwambia anapoteza muda. Ningetoa chochote niketi naye mara moja tu.

Akatoa salamu kulia na kushoto. Akakigeuza kichwa polepole. "Nani hapo?"

"Ni Mariamu wa Komora, Baba Wario."

Aliposikia hilo jina akauliza, "Umengoja?"

"Nimengoja."

"Babako alikuwa anakohoa," akasema. "Kila siku anangoja, anakohoa. Mimi nilidhani ananiambia fanya haraka. Kumbe ni tumbaku."

Nikacheka na machozi yakanitoka. Nikamwambia nimeondoa miiba na migomba, kwa mkono wangu, njia iko wazi mpaka majini, anisamehe. Yeye akauliza kama ile migomba ilizaa. Nikasema ilizaa. "Umeleta?" Nikampa chane. Alimenya moja, akaitafuna kwa makini, akamwita Halima naye aonje.

"Tamu sana," akasema. "Hiyo ni mavi ya ng'ombe yangu. Miaka yote hiyo." Akacheka mpaka paja likamuuma, akalishika. "Malka nimesamehe. Nilikuwa nimesamehe kabla. Mimi mzee, nitalala na ugomvi wa migomba? Lakini ng'ombe sina, Mariamu. Umefungua njia, sasa apite nani?"

Halima alikuwa ameacha kukanda, anatusikiliza. Nikamwambia limebaki jingine, la siku ya mazishi. Nikamwambia baba aliagiza na mimi nilisikia agizo lake kwa masikio yangu, na bado nikasema wafunike. Nikamwambia nitakodi gari, nimpeleke Golbanti polepole, atie udongo wake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nitie juu ya nini? Pameota nyasi."

"Basi nisamehe hilo nalo."

"Hilo si langu," akasema, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayekurudishia kitu ulichosahau kwake. "Mimi sikuagiza. Aliagiza Komora. Mwombe Komora."

Kisha akatazama mkono wake, ule aliokuwa ameshika nao udongo.

"Nilisikia sepetu," akasema. "Nikajua ni kaburi. Lakini mtu hawezi kukata swala. Nilikuwa nimebakisha rakaa mbili."

Halima akaleta wali na samaki, tukala sahani moja sisi watatu. Sikumbuki ladha yake.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Nilipita tena Golbanti, nikakaa kaburini siku nzima. Hiribae amekubali nisemalo, kwamba ule ukanda haufungwi tena hata wakija ng'ombe wa nani. Wakati naondoka hakuna aliyekuwa ameshuka bado. Visiki vya migomba vilikuwa vinachipua, nimemwachia Hiribae panga avikate.

Gongoni dereva alizima injini, nikabaki kitini na mikono mapajani. Tulichelewa. Sikutazama saa.

Sasa mnajua kwa nini mnanikuta nimekaa nje jioni, wateja wakigomba. Msikiti wa mtaani ukiadhini alasiri naacha cherehani, nawangoja wenzetu wamalize, na katika kungoja huko nasema na Mungu, na baada ya Mungu namwomba baba anisamehe. Hajanijibu. Sijui kama wafu hujibu, mimi ni mgeni katika mambo haya.

Lakini mimi ni mtu wa vipimo, na kuna jambo moja nilitaka kulijua: zile rakaa mbili ni muda gani. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni kwa Bi Zuhura alipotandika mswala wake kuswali alasiri. Nilikuwa nimebandika sufuria ya maji ya chai, moto mkali. Alipoinuka kuanza rakaa ya tatu ndipo nilipoanza kuhesabu. Alisoma, akainama, akasujudu, akainuka, akarudia, akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Nikafunua sufuria.

Maji yalikuwa hayajachemka.